Tuliomba wakati wa mvua, bajeti iliandikwa kiangazi: kisa cha kanivo moja ya Bukavu

Mvua ilianza saa nne za usiku, na kufikia saa sita hakuna aliyekuwa amelala kwenye avenyi yetu, yaani mtaa wetu. Nilitoka na tochi ya simu. Kanivo, yaani mtaro wa maji ya mvua, ilikuwa imejaa hadi mdomoni, maji yakipita juu yake na kubeba chupa, magunia, majani ya ndizi na udongo mwekundu wa mlima. Pale inapopinda, tuyo (bomba) ya maji ya kunywa ilikuwa imekatika, ikirusha maji safi ndani ya maji machafu kwa sauti kama ya sufuria inayochemka. Kulipokucha, ukuta wa jiko la jirani yetu, mama anayeuza mboga sokoni, ulikuwa umelala chini. Hakuna aliyekufa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), hatupati nafasi ya kulisema kila msimu.

Nilikuwa mwandishi wa kamati ya avenyi, maana yake mwenye daftari, na ninayoyasimulia yanatoka kwenye daftari hilo. Ni kisa cha miaka iliyotangulia Februari 2025, kabla waasi wa M23 hawajaingia mjini, ofisi zote zikiwa bado chini ya Kinshasa. Komuni yetu, yaani sehemu ya mji yenye ofisi na bajeti yake, siitaji kwa jina, wala kampuni ya maji. Wengi wa waliohusika walijitahidi, na mambo haya yangeweza kutokea Ibanda, Kadutu au Bagira, komuni za mji huu, bila kubadilisha neno.

Mahali penyewe

Anayeijua Bukavu kwa picha anajua ziwa na zile rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Wengi wetu tunaishi mgongoni mwa mkono huo, kwenye miteremko. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua inanyesha tangu Septemba hadi Mei, na nyumba zimeshikana hivi kwamba paa la mmoja liko sawa na kizingiti cha mwenzake. Mitaro ya kwanza ilichimbwa mji ukiitwa Costermansville, kwa ajili ya watu wachache sana. Tumeongezeka, mitaro imebaki ile.

Kanivo yetu ina mita 80 hivi. Inaanzia pale barabara kubwa ya juu inapomwaga maji yake, inashuka kati ya nyumba 34, inaishia kwenye kijito kinachoelekea ziwani. Juu ni ya mawe yaliyojengwa vizuri. Kadiri unavyoshuka mawe yanapungua, mwisho unakuta udongo mtupu.

Ndani yake yanapita matuyo, na hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kuna tuyo kubwa ya kampuni, halafu kuna yale madogo ya plastiki ya kila aliyelipia robine (koki) ya nyumbani, yamelala kama kamba za kuanikia nguo, viungo vyake vimefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Si uzembe. Kati ya nyumba na nyumba hakuna njia nyingine ya kuyapitisha. Taka zikishuka kutoka juu zinanasa kwenye matuyo, na matuyo yanageuka wavu. Maji yanausukuma wavu, mpira unaachia. Ndiyo maana mvua kubwa hutuletea mambo mawili kwa mkupuo: maji tele ndani ya nyumba, na robine kavu. Mgao ukirudi, kinachotoka kwanza ni maji ya kahawia, kwa sababu tuyo iliyotoboka imekwisha kunywa uchafu wa kanivo. Katika Kivu yetu, ambako kipindupindu hakijawahi kuaga, maji ya kahawia yanamtia mzazi hofu ya kweli.

Mstari ndani ya kitabu

Tulikwenda komuni watu watano: shefu wa avenyi, fundi wetu wa kujenga, kijana mmoja mwanafunzi, mama wa mboga, na mimi. Ilikuwa mwezi wa nne, viatu vikiwa bado na tope. Burgumesta, mkuu wa komuni, alitupokea vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, akaagiza kitabu cha bajeti kiletwe, akapitisha kidole hadi kwenye mstari wa matengenezo ya mitaro na kupambana na mmomonyoko. Mbele ya mstari kulikuwa na tarakimu. Fundi aliniminya goti chini ya meza.

Tulirudi tukiwaambia watu kwamba pesa ipo. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na kwa sehemu kubwa ni langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika ile tarakimu kwenye daftari na kuisoma kwa sauti mkutanoni.

Ilitubidi turudi mara ya pili, safari hii kwa mhasibu, ndipo tuelewe. Mzee huyo alifunga mlango, akafungua rejista yenye safu mbili, inayotarajiwa na iliyoingia. Aliweka rula juu ya safu ya kwanza ili tuone ya pili peke yake. Kwenye mistari mingi hakukuwa na kitu. Penye fedha kutoka juu palikuwa na kistari tu.

Hesabu yenyewe inafaa kila mwenyeji aijue. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa, na ikatwe palepale inapokusanywa. Sheria ya 7 Oktoba 2008, inayohusu miji, komuni, sekta na shefri (maeneo ya kichifu), inaongeza kwamba kati ya fungu la mikoa, asilimia 40 ishuke kwa mamlaka hizo za chini. Ukichukua franka 100 za kitaifa, 40 zinabaki mikoani, na kati ya hizo 40, franka 16 zinateremka chini. Hizo 16 si za komuni moja. Zinagawanywa kati ya mamlaka zote za chini, kwa kuangalia uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na idadi ya watu.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kwa vitendo, kule kukata palepale hakukufuatwa. Pesa ilikuwa ikipanda Kinshasa kwanza, kisha ikirudi kwa kiasi na wakati ulioamuliwa huko. Ndiyo hiyo inayoitwa retrosesio. Komuni nayo, kila mwaka, iliandika bajeti kana kwamba retrosesio ingefika yote na kwa wakati, kwa sababu sheria inaipa haki ya kuitarajia. Sidhani ni uongo. Naiona kama barua ya madai ambayo mwenyeji anaisoma akidhani ni hundi.

Mhasibu alitueleza jambo jingine ambalo hatukulijua. Burgumesta ndiye anayeamuru malipo, lakini fedha haishiki yeye. Anayelipa ni mtu mwingine, ili mmoja asiwe na kalamu na ufunguo kwa pamoja. Utaratibu huo ni mzuri. Sisi tulikuwa tumechukua neno la mwenye kalamu tukalipeleka nyumbani kama vile ni neno la mwenye ufunguo.

Hapo mama wa mboga, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tuingie, alitoa ndani ya kikapu chake mkebe wa maziwa ya unga. Aliufungua. Ulikuwa umejaa jetoni za soko, zile karatasi ndogo anazokatiwa mtu kila asubuhi anapopanga bidhaa zake, nyingine zimefifia hadi wino hausomeki. Aliuweka juu ya rejista.

“Baba,” alimwambia mhasibu, “mimi sikuja kuomba. Kanivo yangu nimekwisha kuilipia, iko humu.”

Mzee alivua miwani. Alikaa kimya muda, kisha akasema kwamba hizo jetoni ndizo pesa pekee anazoziona kwa macho yake mwaka mzima, na kwamba zikiingia zinaliwa kwanza na mishahara midogo ya wanaozikusanya, karatasi na mafuta ya pikipiki. Hakutetea. Alieleza tu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto wake. Tangu siku hiyo alikuwa upande wetu, na kama si yeye kisa hiki kingeishia hapo.

Mimi nimebaki na swali la mkebe. Watu wanakwepa kodi ya komuni kwa sababu hawaoni inachofanya, na komuni haifanyi kwa sababu haipati. Wote tunalijua hilo. Lakini kwenye fundo hilo yupo mtu ambaye hajakwepa hata siku moja, na ndiye ukuta wake ulioanguka.

Ofisi nyingine mbili

Kampuni ya maji ilitujibu kwa kifupi: hadi kwenye kaunta, yaani mita ya maji, tuyo ni yake, kuanzia kaunta kwenda ndani ni ya mteja. Ile kubwa iliyomo ndani ya kanivo inaitambua kuwa yake, ila haiwezi kuihamisha kabla komuni haijaonyesha njia nyingine. Komuni ikasema tuyo si yake, mwenye nayo aiondoe ndipo kanivo itengenezwe. Tulirushwa hivyo wiki kadhaa. Kila mmoja alikuwa sahihi kwenye karatasi yake, na ndiyo sababu hakuna tuliyeweza kumshtaki.

Tulipopanda hadi ofisi ya mji tuliongezewa jingine. Barabara ya juu si ya komuni. Sheria ya 2008 inatofautisha barabara za mji na zile za komuni, na kila moja ina mfuko wake. Maji lakini ni yaleyale: yanazaliwa kwenye barabara ya mji, yanashuka kwenye kanivo ya komuni, yanakata tuyo ya kampuni, yanaangusha ukuta wa mama wa mboga. Mifuko mitatu, na ukuta umo kwenye wa nne, wa kwake mwenyewe.

Tulipojenga vibaya

Tuliamua kujenga wenyewe. Dola 3 kwa nyumba. Nyumba 29 zililipa, 5 hazikulipa, na moja ya hizo 5 ilikuwa na sababu ninayoiheshimu. Jumamosi sita za salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tulibeba mawe kutoka kijitoni, wanawake wakipitishiana mkono kwa mkono hadi juu. Komuni haikutupa franka hata moja, ila mhasibu alihangaika hadi ikapatikana mifuko 12 ya simenti, na fundi wa komuni alikuja siku moja kupima mteremko. Kwa komuni yenye safu tupu kama ile niliyoiona, mifuko 12 haikuwa kitu kidogo.

Tulijenga kwa moyo, na tulikosea mara tatu.

Kwanza tulifuata upana wa zamani. Fundi alitaka pale kwenye kona papanuliwe, lakini kupanua kulihitaji nusu mita ya uwanja wa mzee mmoja tunayemheshimu sana, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Tukanyamaza. Pili, baada ya kujenga tulirudisha matuyo palepale yalipokuwa, ndani, kwa mpira uleule wa tairi. La tatu ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu lilikuwa kwenye daftari langu: nilikuwa na safu ya mawe, ya simenti, ya mchanga, ya chakula cha fundi. Safu ya kusafisha sikuwa nayo. Wala mtu wa kusafisha, wala siku, wala koleo moja la kamati.

Mvua za kwanza za Septemba zilipita vizuri na watu wakatupongeza. Mwezi wa kumi na moja kona iliziba, wavu ukajifunga, tuyo ikakatika mahali palepale. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yangu nikalia.

Baadaye, nikilinganisha karatasi, niliona kwamba kitabu cha komuni kilikuwa na kasoro ileile. Ujenzi una mstari wake, wenye jina na tarakimu. Utunzaji umebanwa kwenye maneno ya jumla, na retrosesio isipofika ndio unaokatwa wa kwanza, kwa kuwa hakuna mtu atakayekuja kuuliza kwa nini kanivo haikuzolewa mchanga mwezi wa saba.

Mwezi wa saba

Aliyetuzindua ni yule mzee mhasibu. “Nyinyi mnakuja mkiwa mmelowa,” alituambia. “Njooni mkiwa na vumbi.”

Mwaka wa fedha unaanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba. Mahitaji ya mwaka unaofuata yanakusanywa na kupangwa miezi kadhaa kabla, na kwetu miezi hiyo inaangukia kiangazi: Juni, Julai, Agosti. Kanivo imekauka, watoto wanachezea mpira ndani yake, akina mama wanaanika mihogo pembeni. Hakuna anayewaza mafuriko. Mvua zikirudi, watu wanakumbuka na kupanda komuni kwa makundi, wakati bajeti ya mwaka huo imekwisha kuliwa na ya mwaka ujao iko njiani kupitishwa. Nilirudia daftari langu nikaangalia tarehe. Ziara zetu zote za komuni zilikuwa za Machi, Aprili au Novemba. Miaka mingi tulikuwa tunabisha mlango ambao mwenyewe yuko shambani.

Julai tulikwenda na ukurasa mmoja. Hatukuandika “tunaomba mtujengee kanivo”. Tuliandika vitu vitatu vilivyopimwa: kupanua kona, vyuma vya kushikilia matuyo nje ya kanivo kwenye ukingo, na chujio la vyuma pale juu maji yanapoingia. Chini yake tuliweka kazi yetu wenyewe ya kusafisha, na majina. Tuliambatisha picha za ule usiku, nilizozipiga kwa simu. Na kabla ya kuufikisha komuni, tuliupeleka kwa fundi wa kampuni ya maji, akaandika kwa mkono wake kwamba vyuma vikisimama, wao watainua tuyo kubwa. Karatasi yenye muhuri wa kampuni ilipofika mezani kwa burgumesta, lile la “tuyo si yetu” halikuwa na pa kushika tena.

Wazee wa kamati walisema hili si jambo geni mjini. Walikumbuka jaribio la bajeti shirikishi la Kivu Kusini, lililoungwa mkono na Benki ya Dunia, watu wakialikwa mikutanoni kwa ujumbe wa simu na kujulishwa kwa njia hiyohiyo kazi iliyochaguliwa. Komuni ya Ibanda, ambayo mwaka 2010 haikuwa na fungu la uwekezaji, mwaka 2011 ilitenga asilimia 40 ya bajeti yake kwa uwekezaji. Ninavyoona mimi, kilichofanya watu waamini wakati ule ni ule ujumbe wa pili, wa kuwaambia kilichoamuliwa. Kuitwa mkutanoni tumezoea. Kurudishiwa jibu hatujazoea.

Mwaka uliofuata bajeti ilikuwa na mstari wenye jina la avenyi yetu. Pesa ilifika mwezi wa tano, nusu tu ya iliyoandikwa, na tuliyajua hayo kabla kwa sababu sasa tulikuwa tunauliza safu ya pili, si ya kwanza. Nusu hiyo ilitosha vyuma na chujio. Kampuni ilitimiza ahadi: siku mbili mafundi wake waliinua tuyo kubwa, na jioni ya siku ya pili kila nyumba ikapandisha yake ndogo juu ya vyuma vilevile.

Kona ilibaki. Mama wa mboga alikwenda peke yake kwa yule mzee, jioni, na lenga-lenga (mchicha) kwenye sahani iliyofunikwa. Sijui walisemezana nini. Asubuhi tulimkuta mzee mwenyewe akipigilia vigingi, nusu mita ndani ya uwanja wake. Alituuliza kwa nini hatukumwambia mwaka ule wa kwanza, na hatukuwa na la kumjibu.

Kusafisha ni zamu ya wiki kwa kila nyumba, koleo na toroli vikihama mlango hadi mlango. Kwenye ukuta karibu na robine ya jirani wa juu tumepaka rangi nyeusi kipande cha ubao. Kila mwisho wa mwezi ninaandika kwa chaki kilichoingia na kilichotoka. Mwezi ambao sikuandika, watu wanne walinigongea. Kati ya zile nyumba 5 zisizolipa, 2 zimeanza.

Barabara ya juu bado inamwaga maji yake yote kwetu, na chujio haliwezi kuzuia maji, linazuia taka tu. Tulikuwa tumeandaa ukurasa wa pili, wa kupeleka kwa mji. Madiwani wa komuni walichaguliwa 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, na tulidhani sasa tungekuwa na mtu wa kuusimamia. Kisha vita vikaingia mjini. Ukurasa huo umo ndani ya daftari, na tarehe yake ni ya Julai.

Wiki hii zamu ni ya nyumba ya chini kabisa. Nilimkuta mama wa mboga asubuhi na mapema akizoa mchanga kwenye kona kabla hajaenda sokoni. Mkebe wake uko juu ya kabati la jiko jipya, umejaa, na ameanza wa pili.